Nilivyoukanda mkono wa mrushaji wetu Randburg, na nilichomficha baba yake

Wakuu, heshima mbele. Wakubwa shikamooni, rika langu mambo vipi, na nyie mnaosoma kimyakimya bila kuchangia nawaona pia, karibuni.

Najua humu kuna mabingwa wa kuandika "hii chai" kabla hawajafika aya ya tatu. Leo wekeni vikombe kando. Haya yamenikuta mwenyewe, Johannesburg, 2016 kuingia 2017. Nimekaa nayo miaka yote bila kuyaandika kwa sababu kuna sehemu inaniaibisha. Majina nimebadilisha. Mengine ni yaleyale.

Twende.

Mimi ni mtu wa Tanga. Nilikwenda Bondeni, yaani Afrika Kusini, kama walivyokwenda wengi, na begi moja na namba ya simu ya mtu ambaye hakupokea. Nikahangaika, nikapata chumba cha kuchangia Berea, ghorofa ya sita, lifti iliyokufa kabla sijazaliwa. Baadaye nikapata kazi ya ulinzi kwenye klabu moja ya michezo kule Randburg. Kazi yangu kufungua geti, kufunga geti, na kuwaambia watu wasipaki mbele ya geti.

Sasa klabu yenyewe ilikuwa ya besiboli.

Najua mnacheka. Na mimi nilicheka. Wiki za kwanza nilidhani ni kriketi ya watu wenye haraka. Lakini ukikaa getini miezi mitatu unautazama mchezo mmoja, utaujua tu hata kama hutaki.

Kwa faida ya wasioujua: kuna mtu anasimama juu ya kituta cha udongo katikati ya uwanja, huyo ndiye pitcher, mimi namwita mrushaji. Anarusha mpira mdogo mgumu. Mwenye gongo anajaribu kuupiga. Nyuma ya mwenye gongo kachuchumaa mdakaji na glavu yake. Waliocheza rede utotoni wameshanielewa. Mrushaji akiwa mzuri, timu ina raha. Akiwa mbovu, mtakaa hapo mpaka jua lizame.

Nikamwambukiza na rafiki yangu Juma. Huyu ni Mzanzibari, alikuwa anauza vifaa vya simu mjini, na Jumapili hakuwa na pa kwenda. Tukawa tunakaa pale juu kwenye ngazi za mbao, thermosi ya chai ya tangawizi na maandazi aliyopika mwenyewe, maana pale kantini walikuwa wanachoma soseji ambazo hatukujua zimetokana na nini. Wazungu walituzoea. Wakawa wanatuuliza, "Coach, leo mnaonaje?" Na Juma anajibu kabisa, kwa uso mkavu, kana kwamba kazaliwa na gongo mkononi.

Wakuu, zile Jumapili nazikumbuka mpaka leo. Oktoba miti ya jakaranda imechanua barabara nzima, maua yamelala chini zambarau tupu. Asubuhi jua kali, mchana wingu jeusi, saa tisa radi, watu wote tunakimbilia chini ya bati la kantini, nusu saa baadaye jua limerudi na nyasi zinatoa mvuke. Sijaona tena mvua ya namna ile.

Timu yetu ilikuwa na mpigaji mmoja, Deon. Jitu la miraba minne, akiupiga mpira unatua barabarani, na mimi mlinzi ndiye ninayetumwa kwenda kuutafuta kwenye robot, yaani taa za barabarani. Tulimpenda mno.

Basi Deon akahamia kusini ya jiji kikazi, akataka kuchezea klabu ya huko. Vilabu vilikuwa vya ridhaa, hakuna mshahara, lakini walikuwa na utaratibu wao: ukitaka mchezaji wetu, na wewe tuletee kitu. Wakaelewana. Sisi tunamtoa Deon, wao wanatupa warushaji wawili vijana.

Juma alisusa maandazi siku hiyo. "Wametuuzia mbuzi kwenye gunia," akasema. "Mtu mzima mmoja kwa vitoto viwili!"

Vitoto wenyewe wakaja mazoezini. Mmoja Thabo, wa Soweto, miaka kumi na tisa, mnene kidogo, mtulivu, anatembea kama anakwenda kuchota maji. Mwingine mrefu, mwembamba, mikono imefika magotini. Sisi tupo juu tunachambua kwa sauti, Kiswahili chetu, nani atatusikia?

Nikasema, "Yule mnene nampa mwezi mmoja. Huyu mwembamba hata hajala leo. Akirusha mpira ataruka nao."

Yule mwembamba akageuka, akatuangalia, akasema, "I can hear you, Uncle."

Juma alimwaga chai.

Kumbe ni mtoto wa Kikongo. Anaitwa Josué, miaka kumi na minane, kazaliwa hapo hapo Jozi, yaani Johannesburg. Baba yake wa Bukavu, fundi cherehani, ana kibanda chake Doornfontein, na wanaishi Berea, mtaa wa pili kutoka kwangu! Kiswahili anakisikia chote, ila kukisema hakuna. Ukimsemesha anakujibu Kiingereza, ukimkazia anaingiza Kizulu. Watoto wengi wa kule wako hivyo, sikumlaumu.

Siku hiyo alirusha. Wakuu, ule mpira ulikuwa na sauti. Ulikuwa unapiga kwenye glavu ya mdakaji paa! mpaka ndege wanaruka kwenye uzio. Nikasimama. Nikamwambia Juma, "Nimefuta kauli. Huyu ndiye."

Hapo ndipo ubishi ulipoanza, na ubishi ule ndio ulioniponza.

Juma akamchagua Thabo. Hoja yake: mrushaji si misuli, ni akili. "Thabo ukimwambia weka mpira hapa kwenye goti, anaweka. Huyo Josué wako anarusha risasi, lakini anamlenga nani?" Mimi nikashikilia kasi. Kasi hufundishwi, nikasema, akili itakuja na umri. Tulibishana kwenye ngazi, tukabishana kwenye taxi ya kurudi mjini mpaka abiria wengine wakatuomba tunyamaze. Nikafika mahali nikamwambia Juma, "Josué asipovaa jezi ya timu ya jimbo msimu huu, usiniite tena mtu wa Tanga."

Unaona mtu anavyojifunga kamba mwenyewe.

Katikati ya hayo, mdakaji wa mazoezi akaumia goti. Kocha, mzee mmoja mweupe wa maneno machache, akanitazama pale getini, akanitupia glavu. "You've got hands?" Nikasema ninayo. Tangu hapo kila Jumanne na Alhamisi nikimaliza zamu nachuchumaa, nawadakia wale vijana wawili. Viganja vilivimba wiki ya kwanza. Lakini ndio nikajua kuna mambo kwenye ngazi huyaoni. Mpira wa Thabo ulikuwa laini, unakuja unapoutaka. Wa Josué ulikuwa unauma mpaka begani, na nilikuwa naupenda hivyo hivyo.

Baba yake naye akaanza kuja Jumapili. Tulimwita Papa Josué, kama Wakongo wanavyoitana. Suti ya kijivu aliyoishona mwenyewe, viatu vinang'aa, Biblia mkononi maana anatoka kanisani moja kwa moja. Mchezo hakuuelewa hata kidogo. Mwanawe akirusha vizuri anasimama, akirusha vibaya anasimama pia.

Siku moja akaniambia, "Ndugu, mimi niko hapa miaka makumi mbili. Bado banatuita makwerekwere. Lakini mutoto yangu akivaa ile nguo ya jimbo, nani atamwambia arudi kwao?"

Makwerekwere ndilo tusi lao kwa Waafrika wageni. Waliokaa kule wanajua neno hilo linavyouma. Kwa hiyo wakuu muelewe, kwa yule mzee haikuwa mchezo. Ilikuwa ni mahali pa kusimama.

Januari kocha akatutangazia: wateuzi wa timu ya vijana ya jimbo watakuja kututazama Jumapili moja mwishoni mwa Februari. Kwenye klabu yetu wanataka mrushaji mmoja. Mmoja tu. Josué ndiye angeanza, Thabo angemfuatia.

Alhamisi moja, wiki tatu na ushei kabla ya siku hiyo, wenzake wameondoka, Josué akabaki anazungukazunguka kwenye kibanda changu cha getini. Nikamuuliza vipi. Akachungulia nje. Halafu, kwa mara ya kwanza tangu nimjue, akasema Kiswahili.

"Uncle, mukono inaniuma. Hapa." Akashika kiwiko. "Usiambie mutu."

Wakuu, mimi nililelewa na bibi, na bibi yangu alikuwa mkandaji. Watu walikuwa wanaletwa kwake kwa machela wanaondoka wanatembea, au ndivyo nilivyoamini nikiwa mdogo. Maji ya moto, chumvi ya mawe, mafuta ya nazi, na vidole. Nilimsaidia kuchemsha maji miaka mingi. Kwa hiyo niliposikia kiwiko, akili yangu haikwenda kwa daktari wala kwa kocha. Ilikwenda kwenye birika.

Nikachemsha maji hapo hapo. Nikayatia chumvi, nikachovya taulo, nikaanza kumkanda. Alikunja uso, machozi yakamlenga, nikamwambia vumilia, ndio damu inafunguka. Nilipomaliza akakunja mkono, akaukunjua. "Eish, Uncle. It's better."

Nikavimba kichwa. Nikajiona bibi kafufuka.

Ikawa ndio desturi. Kila baada ya mazoezi anabaki, nachemsha, nakanda. Maumivu yanatulia siku moja, mbili, anarusha tena, yanarudi makubwa zaidi, nakanda zaidi. Juma akaniletea na mafuta ya karafuu ya nyumbani kwao, sikumwambia ya nani, nikasema ni ya mgongo wangu.

Mtaniuliza, hukuona kwamba inazidi? Niliona. Kiwiko kilikuwa na joto hata kabla sijaweka taulo. Wiki ya pili alikuwa hawezi kunyoosha mkono mpaka mwisho. Nikajiambia bado kidogo tu, ipite hiyo Jumapili, halafu apumzike mwezi mzima. Na nikiwa mkweli, kama nilivyoahidi juu huko, nilikuwa nauona uso wa Juma siku Josué atakapochaguliwa. Nilitaka kuwa mimi ndiye niliyesema kweli. Huo ndio ubaya wangu, sina namna ya kuupamba.

Jumapili yenyewe ikafika.

Papa Josué hakuja peke yake. Alileta watu tisa wa kanisani, akina mama wamevaa vitenge sare, mmoja ana filimbi. Wateuzi watatu wamekaa nyuma ya uzio na madaftari yao. Mimi nilipewa kumpasha misuli Josué pembeni.

Mpira wa kwanza ulikuja. Nikaudaka. Haukuuma.

Wa pili, wa tatu, hivyo hivyo. Kwa macho ungesema anarusha kama siku zote, lakini kiganja changu kilikuwa kinajua. Nikamwendea. Jasho linamtoka na bado hajaanza.

"Usiseme," akaniambia. "Please, Uncle. Baba ameleta watu."

Nikaenda kukaa kwenye benchi, nikanyamaza.

Raundi ya kwanza akawatoa wapigaji wote watatu. Filimbi, vigelegele, wazungu wanageuka kutazama akina mama wetu na kucheka kwa furaha. Raundi ya pili wakaupiga mpira wake mara mbili, akajikokota akatoka salama. Raundi ya tatu, baada ya kurusha, nikaona anaacha mkono unaning'inia, anatikisa vidole. Halafu akauokota mpira kwa mkono wa kushoto, akaupachika kwenye kiganja cha kulia kama mtu anayempa mtoto kitu ashike.

Nikasimama. Nikamwambia kocha, "Mtoe. Kiwiko."

Kocha akanitazama. "Tangu lini?"

Nikasema, "Nimeona sasa hivi."

Hiyo sentensi, wakuu. Hiyo.

Akamtoa. Josué alishuka kwenye kituta bila kuniangalia, akaketi mwisho wa benchi, akajifunika uso kwa glavu. Thabo akaingia na mwendo wake ule wa kuchota maji, akaweka mpira mmoja mmoja panapotakiwa mpaka mechi ikaisha. Nilisikia kalamu za wateuzi zikiandika. Alichaguliwa yeye, na alistahili. Juma hakunitania hata mara moja, na hilo liliniuma kuliko utani.

Papa Josué alinifuata getini mbele ya watu. "Weye ni nani kutoa mutoto yangu? Docteur? Kocha? Weye ni sentinelle!" Yaani mlinzi. Akina mama walimshika suti. Mimi nilitazama chini.

Siku ya tatu hospitali wakampiga picha. Kano ya kiwiko ilikuwa imechanika, si yote, karibu yote. Daktari akasema angerusha mara kumi nyingine ingekatika kabisa. Akasema pia kwamba angepumzika mwezi mmoja mapema isingefika huko, na kwamba ule mkono ulikuwa umeminywaminywa na mtu. Akamuuliza Josué ni nani.

Josué akasema, "Ni mimi mwenyewe."

Haya aliniambia kocha. Sikulala vizuri wiki nzima.

Wiki iliyofuata Papa Josué akaja tena getini, safari hii mnyonge. Alikuwa na shati jeupe kalikunja vizuri kwenye karatasi. Akaniomba msamaha mbele ya Juma, mbele ya kocha. Akasema mimi nimeokoa mkono wa mwanawe, na yeye mzazi alinitukana. Akanishika mikono yote miwili, hii hii.

Nikapokea shati. Nikasema asante mzee. Nilishindwa kumwambia ukweli.

Lilikaa juu ya kabati Berea siku kumi na moja, sikuweza hata kulijaribu. Siku ya kumi na mbili nikalichukua, nikatembea mpaka Doornfontein.

Nilimkuta peke yake, anashona suruali. Sikukaa. Nikamwambia yote kwa mkupuo. Maji, chumvi, mafuta, wiki tatu, joto la kiwiko, na kwamba nilimdanganya kocha. Nikaweka shati juu ya meza. Nikasema, "Mzee, mkono wa mtoto nimeuharibu mimi. Hata kumtoa uwanjani nilichelewa."

Hakusimamisha cherehani. Akamaliza mshono, akakata uzi kwa meno, akaikunja suruali. Nilidhani atanirushia mkasi.

Akasema, "Keti, ndugu."

Nikaketi.

"Ile mwezi yote," akasema, "Josué alikuwa anakula bugali na mukono ya kushoto. Kwa meza yangu. Mimi ni baba yake, sitaona?" Akaikunjua ile suruali, akaikunja tena. "Mama yake akataka kuuliza. Nikasema acha. Njo nikasimama, nikamuletea kijiko."

Alilia, wakuu. Na mimi nikalia. Wanaume wawili na rundo la suruali za watu. Mteja akaingia akatuona akatoka.

Shati alilirudisha mikononi mwangu. Alisema hawezi kulichukua, maana na yeye alijua, akaficha.

Josué hakurusha tena. Mkono ulipona wa kushikia vitu, kukumbatia, kuendesha gari, si wa kurusha. Mpaka naondoka Jozi 2019 alikuwa anasoma mambo ya umeme, na Jumapili anakuja kukaa nasi kwenye ngazi, anamchambua Thabo kwa Kiswahili cha Bukavu, kibovu kitamu. Siku niliyomwomba radhi alinijibu kwa Kiingereza kwamba nisijali, alikuwa ananiomba mwenyewe. Halafu akamalizia kwa Kiswahili, "Lakini Uncle, weye ulikuwa mukubwa."

Alikuwa sahihi, mimi ndiye niliyekuwa mkubwa.

Nilichojifunza: mtoto akikuletea maumivu yake kwa siri, hajakuletea ili umtunzie siri. Kakuletea kwa sababu wewe ni mtu mzima na yeye hawezi kusimama peke yake kusema basi. Nami nilimpa taulo, baba yake akampa kijiko, na sote tulikuwa tunampenda kwelikweli.

Wakandaji msinijie juu, bibi yangu namheshimu mpaka kesho. Na wajuzi wa besiboli, nikikosea mahali nirekebisheni taratibu, mimi nilikuwa mlinzi tu.

Ila wewe unayesoma, kama uliwahi kumsaidia mtu unayempenda kuficha maumivu kwa sababu na wewe kuna kitu ulikitaka, andika hapo chini. Sitakuhukumu. Sina ubavu huo.